Miswada ya maveterani wa Marekani: maswali ambayo Waswahili wenzetu wanatuuliza

Waswahili waliopita kwenye jeshi la Marekani si wachache kama watu wanavyodhani. Kati ya 2009 na 2016 kulikuwa na mpango ulioitwa MAVNI. Ulichukua watu waliokuwa hapa kihalali, wengi kwa viza za masomo na bila Green Card, ilimradi wawe wataalamu wa afya au wajue lugha ambazo jeshi lilikuwa linazitafuta. Kiswahili kilikuwamo kwenye orodha. Wengine waliingia kwa Green Card za bahati nasibu, na wengine ni watoto wa wakimbizi wa Kongo na Burundi waliomaliza sekondari hapa wakaenda depo moja kwa moja. Leo wako Dallas, Minneapolis na kwingineko, kombati zimeingia kabatini, na simu haziishi: "Kaka, nimesikia kuna sheria mpya inakuja, ni kweli?"

Majibu haya yametokana na simu hizo. Kumbuka tangu mwanzo kwamba unaishi chini ya serikali mbili. Fidia ya ulemavu, hospitali za VA (Idara ya Maveterani), GI Bill (msaada wa kulipia masomo) na uraia viko Washington. Kodi ya nyumba, kodi ya pensheni na karo ya vyuo vya umma viko mikononi mwa jimbo lako.

Mimi nilikaa miaka minne nikatoka. Si mstaafu. Haya yananihusu?

Yanakuhusu, na hilo neno "mstaafu" ndilo linalotuponza. Kwetu ukisema mwanajeshi mstaafu, mtu anamwona mzee mwenye fimbo na pensheni. Sheria ya Marekani inawatenganisha watu wawili. Mstaafu ni yule aliyetimiza kama miaka 20, au aliyestaafishwa kwa sababu za kiafya, na analipwa na Wizara ya Ulinzi. Veterani ni yeyote aliyetumikia akaondoka bila kufukuzwa kwa aibu. Huyo anahudumiwa na VA, hata kama alikaa miaka mitatu tu.

Namfahamu dada mmoja muuguzi aliyekaa miaka saba na goti bovu bila kudai senti, kwa sababu mumewe alimwambia "wewe hukustaafu". Goti lilikuwa limeandikwa kwenye faili lake la jeshi tangu siku aliyoanguka na mkoba mgongoni. Toa DD-214 yako, yaani cheti cha kuachishwa jeshi, angalia aina ya kuachishwa kwako, halafu endelea kusoma.

Nimetumiwa WhatsApp kwamba "sheria mpya imepita". Niamini?

Muulize aliyekutumia: imepita wapi? Muswada hupita kamati ndogo, kisha kamati, kisha Baraza la Wawakilishi lenye watu 435, kisha Seneti yenye watu 100, au kinyume chake. Mabaraza yote mawili lazima yakubaliane neno kwa neno, halafu Rais atie saini. Kila kituo kati ya hivyo hutangazwa kwa shangwe, na kila tangazo likifika kwenye magrupu yetu linakuwa "imepita". Hela bado haijatoka hata moja.

Mfano mzuri ni sheria ya PACT, ile ya moshi wa mashimo ya kuchomea taka vitani. Juni 16, 2022, Seneti iliupitisha muswada huo kwa kura 84 dhidi ya 14. Watu walisherehekea. Kumbe kulikuwa na kifungu kimoja kilichogusa kodi ambacho hakikupaswa kuanzia Seneti, kwa hiyo muswada ukarudi Baraza la Wawakilishi kurekebishwa, ukapigiwa kura tena huko na kurejeshwa. Julai 27 maseneta wakashindwa kufikisha kura 60 za kuusogeza mbele: 55 dhidi ya 42. Muswada uleule! Maveterani wakaenda kulala kwenye ngazi za jengo la Bunge, wengine na mitungi yao ya oksijeni. Agosti 2 ukapita kwa kura 86 dhidi ya 11, na Rais Biden akautia saini Agosti 10. Aliyekuwa amesherehekea mwezi Juni alisherehekea mapema kwa takriban miezi miwili, na ule ulikuwa muswada wenye bahati.

Basi nitajuaje muswada umefika wapi?

Ingia congress.gov, andika namba ya muswada, tazama mstari wa hatua juu kabisa. Ukiona umeandikiwa kwamba umepelekwa kamati, maana yake umelala, na wengi hawaamki. Tovuti ni ya serikali na haina malipo.

Mambo mawili ya kukaa nayo kichwani. Bunge hili la 119 lilianza Januari 3, 2025 na linaisha Januari 3, 2027. Muswada usiokuwa sheria hadi siku hiyo unakufa, na mwenye nao lazima aanze upya na namba mpya. Pili, muswada unaweza kufa kwa jina lake na kuishi ndani ya mwingine. Sheria ya Elizabeth Dole, iliyotiwa saini Januari 2, 2025, ilikuwa kapu: ndani yake kuna vifungu vingi vilivyokuwa vimekwama kila kimoja peke yake. Kimojawapo kinaruhusu VA kugharamia huduma za nyumbani hadi asilimia 100 ya gharama ya kumweka mtu kwenye nyumba ya wauguzi, badala ya asilimia 65 ya zamani. Mwenye mzazi veterani anayeuguzwa nyumbani anajua hilo lina uzito gani. Kapu jingine ni muswada wa bajeti ya ulinzi, ambao hupita karibu kila mwaka mwezi Desemba.

Nisubiri muswada upite ndipo nidai?

Hapana. Kama utasoma jibu moja tu kwenye ukurasa huu, soma hili.

VA hailipi fidia ya ulemavu kuanzia siku ulipoumia. Kwa kawaida inalipa kuanzia siku ilipopokea karatasi yako. Kwa hiyo kuna fomu fupi, namba 21-0966, ya kusema tu kwamba una nia ya kudai. Ukiipeleka, unapata mwaka mzima wa kukusanya vyeti vya daktari na barua za wenzako, na dai likikamilika ndani ya mwaka huo tarehe yako inabaki ile ya mwanzo.

Tupige hesabu kwa viwango vya 2025. Mtu asiye na mke wala mtoto, akipewa ulemavu wa asilimia 30, analipwa dola 537.42 kwa mwezi, na haikatwi kodi. Tuseme alipeleka nia ya kudai Januari 10 na dai kamili Novemba 10. Malipo yake yanahesabiwa tangu Februari 1. Mwenzake mwenye maumivu yaleyale, ambaye hakupeleka ile karatasi na akadai Novemba 10, anahesabiwa tangu Desemba 1. Tofauti yao ni miezi kumi, dola 5,374.20. Hiyo ndiyo bei ya "nasubiri kwanza".

PACT ilitufundisha hili kwa uchungu. Waliodai au kupeleka nia kabla ya Agosti 14, 2023 waliweza kurudishiwa malipo hadi Agosti 10, 2022. Wapo waliosubiri "mambo yatulie".

Na kama umetoka jeshini juzi: ukidai ndani ya mwaka mmoja tangu kuachishwa, malipo yanaweza kurudi hadi siku iliyofuata ile uliyoachishwa. Baada ya mwaka, dirisha hilo limefungwa.

Muswada wa Richard Star unahusu nini, na mbona kila mwaka unasemwa haupiti?

Huu ndio unaoulizwa kuliko yote, kwa hiyo twende taratibu.

Mtu akitumikia miaka 20 na VA ikampa ulemavu wa asilimia 50 au zaidi, tangu mabadiliko yaliyoanza 2004 anapata vyote viwili, pensheni ya jeshi na fidia ya VA. Sasa mchukue aliyelipukiwa na bomu mwaka wake wa 12, akastaafishwa kwa sababu za kiafya. Huyo hakutimiza 20. Kila dola anayolipwa na VA inakatwa kwenye pensheni yake. Kama pensheni ni dola 1,500 na fidia ni 1,200, pensheni inashuka hadi 300. Mwishowe mfukoni ana 1,500, zile zile ambazo angepata bila fidia, ingawa sehemu ya VA angalau haina kodi. Aliyeumia vitani ndiye anayekatwa, na sababu ni kwamba aliumia kabla hajamaliza miaka.

Meja Richard Star alikuwa mmoja wao. Aliugua saratani ya mapafu baada ya kutumikia kwenye moshi ule wa mashimo ya taka, akatumia miezi yake ya mwisho kuzungumza na wabunge, na akafa Februari 2021. Muswada wenye jina lake unataka walioumia vitani wakastaafishwa mapema wapate vyote viwili, na wanaohusika ni zaidi ya watu 50,000. Katika Bunge lililopita zaidi ya wabunge 300 wa Baraza la Wawakilishi waliweka majina yao kuuunga mkono. Mwaka 2025 uliwasilishwa tena, H.R. 2102 kwa Wawakilishi na S. 1032 kwa Seneti.

Mbona haupiti, basi, na kila mtu anaupenda? Fedha. Kanuni za Bunge zinadai matumizi mapya ya lazima yatafutiwe pa kutoka, na hakuna anayetaka kutaja matumizi yapi yakatwe. Kuweka jina kwenye muswada hakumgharimu mbunge kitu. Maoni yangu ni kwamba ule wingi wa majina umekuwa pazia: kila mmoja anaonyesha saini yake kwa wapiga kura, na kura yenyewe haiitishwi.

Wakati huohuo usikae bure. Kuna malipo yaitwayo CRSC, kwa mstaafu mwenye ulemavu uliotokana na mapigano au mazoezi ya kivita, ambayo hurudisha sehemu ya kile kinachokatwa. Yanaombwa kwenye kikosi chako cha zamani, yaani Jeshi la Nchi Kavu, Wanamaji na kadhalika. VA haihusiki na maombi hayo. Zamani waliochelewa walirudishiwa miaka sita tu. Juni 12, 2025, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua katika kesi ya Soto kwamba ukomo huo wa miaka sita hauwahusu waombaji wa CRSC. Kama uliwahi kulipwa malimbikizo ya miaka sita tu, chukua barua yako ya zamani ukamwone mwakilishi wa chama cha maveterani.

Nilikuwa Djibouti. Mwenzangu alikuwa Manda Bay, Lamu. Tuko sawa mbele ya PACT?

Hamko sawa, na swali hili ni la kwetu hasa, kwa sababu Waswahili wengi jeshini walipelekwa Afrika Mashariki kwa ajili ya lugha.

PACT ina orodha ya nchi. Aliyekuwa Somalia tangu Agosti 2, 1990, au Djibouti tangu Septemba 11, 2001, anachukuliwa kuwa alivuta moshi wa mashimo ya taka. Oman, Kuwait, Qatar na Falme za Kiarabu pia zimo. Ukiwa na ugonjwa ulio kwenye orodha ya pili, kama pumu iliyogunduliwa baada ya jeshi, ugonjwa sugu wa sinasi au saratani kadhaa, huhitaji kuthibitisha kwamba moshi ndio ulioleta. Januari 2025 VA iliongeza nyingine, zikiwemo leukemia na saratani ya kibofu cha mkojo.

Kenya haimo kwenye orodha ya nchi. Kambi ya Manda Bay ilishambuliwa Januari 5, 2020 na Wamarekani watatu wakauawa, lakini aliyehudumu pale anarudi kwenye njia ndefu: aonyeshe ugonjwa alionao sasa, aonyeshe tukio au hali iliyompata jeshini, na apate daktari wa kuviunganisha kwa maandishi, akisema uwezekano ni angalau nusu kwa nusu. Daktari akiandika "huenda" tu, dai linaanguka. Ila kabla hujakata tamaa, kagua karatasi zako za safari. Wengi waliokaa Manda Bay walipitia Djibouti.

Kampuni imenipigia, inasema itanipandishia asilimia. Ni halali?

Rafiki yangu alinionyesha mkataba wao kwenye simu, tumekaa jikoni kwake, chai inapoa. Alikuwa na asilimia 40. Walimwahidi 70. Ukurasa wa sita, kwa maandishi madogo, ulisema atawalipa mara tano ya nyongeza ya mwezi. Kwa viwango vya 2025, asilimia 40 ni dola 774.16 na 70 ni dola 1,759.19, kwa mtu asiye na wategemezi. Nyongeza ni 985.03. Mara tano ni dola 4,925.15, kwa kazi ya kumjazia fomu ambayo mwakilishi wa vyama vya maveterani kama DAV, VFW au American Legion angemjazia bure. Na alikuwa tayari amewapa nywila ya akaunti yake ya VA.

Sheria ya shirikisho inasema mtu asiyeidhinishwa na VA haruhusiwi kukuandalia dai, na kwa dai la kwanza hata aliyeidhinishwa haruhusiwi kutoza. Wakili aliyeidhinishwa anaweza kutoza baada ya VA kutoa uamuzi wa kwanza, na asilimia 20 ya malimbikizo huhesabiwa kuwa ni ada ya haki. Tatizo ni kwamba Bunge liliondoa adhabu ya jinai mwaka 2006. Imebaki sheria isiyo na meno, na hao papa wanaogelea humo.

Sasa kuna miswada miwili inayovutana. GUARD VA Benefits Act, H.R. 1732, unataka kurudisha adhabu. CHOICE for Veterans Act, H.R. 3132, unataka kuzihalalisha kampuni hizi na kuwekea ada zao ukomo. Wanaotetea wa pili wanasema veterani ana haki ya kumlipa amtakaye na kwamba wawakilishi wa bure wamelemewa. Hoja ya kulemewa ni ya kweli, nimesubiri miadi ya wiki tano mwenyewe. Lakini fidia ni ya ulemavu wa mtu, na mimi naupinga.

Majimbo hayakusubiri. New Jersey ilipiga marufuku mwaka 2023, Maine ikafuata 2024. Louisiana mwaka huohuo wa 2024 ilikwenda njia nyingine, ikaruhusu kwa ukomo. Kesi zinaendelea mahakamani kuhusu kama jimbo lina mamlaka hayo, kwa hiyo jibu la "halali au la" linaweza kubadilika ukivuka mpaka wa jimbo. Swali moja la kuwauliza wakipiga tena: jina lako limo kwenye orodha ya VA ya walioidhinishwa? Sikiliza watakavyozunguka.

Mume wangu alifariki. Nikiolewa tena nitapoteza malipo?

Pole sana, dada. Kwa sheria ya sasa, mjane anayelipwa DIC, yaani fidia ya aliyefiwa na mwanajeshi au veterani kwa sababu ya utumishi (mwaka 2025 ilikuwa dola 1,653.07 kwa mwezi), akiolewa kabla ya kutimiza miaka 55 anayapoteza. Akiolewa baada ya 55 anabaki nayo. Ndoa hiyo mpya ikivunjika kwa talaka au kifo anaweza kuomba yarudi. Muswada wa Love Lives On, S. 410 na H.R. 1004, unataka kuondoa sharti hilo la umri.

Jambo ambalo maofisa hawatakueleza kwa sababu hawajui desturi zetu: usidhani nikahi ya sebuleni au posa ya nyumbani haihesabiki kwa kuwa hakuna cheti cha kaunti. Texas, kwa mfano, inatambua ndoa isiyo na cheti ikiwa mmekubaliana kuwa mke na mume, mnaishi pamoja na mnajitambulisha hivyo kwa watu. Ukiendelea kupokea DIC huku mtaa mzima unakuita mke wa fulani, VA inaweza kukudai uirudishe yote. Uliza kabla ya sherehe.

Niko National Guard, jeshi la muda la jimbo. GI Bill yangu ni ndogo kuliko ya wenzangu. Kuna muswada?

Upo. GI Bill ya baada ya Septemba 11 inahesabu siku za utumishi kamili wa shirikisho: siku 90 zinaanzia asilimia 50, miezi 36 inafika 100. Wikendi za mazoezi hazihesabiwi. Muswada wa usawa kwa Guard na Akiba unasema kila siku uliyolipwa ukiwa na sare ihesabiwe. Umerudishwa bungeni mara kadhaa, na kikwazo ni kilekile cha Richard Star.

Na huu muswada wa kutibiwa nje ya VA?

Tangu sheria ya MISSION ya 2018, kama daktari wa kawaida au wa afya ya akili wa VA yuko mbali kwa gari zaidi ya dakika 30, au miadi inapita siku 20, unaweza kupelekwa kliniki ya nje. Kwa daktari bingwa ni dakika 60 na siku 28. Vipimo hivyo viko kwenye kanuni, na kanuni hubadilishwa na waziri. Muswada wa ACCESS, S. 275 na H.R. 740, unataka viwe sheria kamili. Kwa sasa unavyo. Vitaje kwa namba ukipiga kuweka miadi.

Nilitumikia na Green Card tu. Jeshi lilinifanya raia?

Jeshi halimfanyi mtu raia. Linampa haki ya kuomba kwa njia fupi, na wengi wetu tulichanganya mambo haya mawili.

Aliyetumikia kwa heshima katika kipindi cha vita, na kipindi kilichoanza Septemba 11, 2001 kinahesabiwa hivyo, anaomba chini ya kifungu cha 329 cha sheria ya uhamiaji bila kungoja ile miaka mitano ya Green Card. Fomu ni N-400, na kwa mwanajeshi haina ada. Aliye bado kazini huambatanisha N-426 iliyosainiwa na jeshi, aliyetoka huambatanisha DD-214. Watu wa MAVNI waliapishwa wengi wao siku ya kumaliza depo, lakini walioingia mwishoni walikwama kwenye uchunguzi wa usalama hadi viza zao zikaisha.

Kuna mambo mawili ya kuogopwa. Uraia uliopatikana kwa njia hii unaweza kuondolewa ikiwa uliachishwa kwa hali isiyo ya heshima kabla ya kutimiza miaka mitano ya utumishi wa heshima. Na veterani ambaye hakuwahi kuomba uraia, akipatikana na kosa fulani mahakamani, anaweza kufukuzwa nchini kama mgeni mwingine yeyote. Nishani hazimzuii ofisa wa uhamiaji. Muswada wa kuwalinda hawa, Veteran Service Recognition Act, ulipita Baraza la Wawakilishi Desemba 2022 ukafia hapo. Usijenge maisha yako juu yake. Kama una DD-214 ya heshima na bado uko kwenye Green Card, jaza N-400. Ila kama umewahi kukamatwa, hata kwa kuendesha umelewa, mwone wakili wa uhamiaji kwanza, maana ombi linafungua faili lako lote.

Majimbo je? Nahama, niangalie nini?

Texas haina kodi ya mapato, kwa hiyo pensheni haiguswi. Mwenye ulemavu wa asilimia 100 halipi kodi ya nyumba anayoishi. Novemba 4, 2025 wapiga kura walipitisha marekebisho ya katiba ya jimbo, Pendekezo la 7, kuruhusu msamaha kwa mjane au mgane wa veterani aliyekufa kwa ugonjwa unaochukuliwa na sheria ya shirikisho kuwa umetokana na utumishi, mfano ile orodha ya PACT. Hazlewood, sheria ya jimbo, nayo inakusamehe karo hadi saa 150 za masomo kwenye vyuo vya umma, na unaweza kumwachia mtoto, lakini lazima uwe uliingia jeshini ukiwa mtu wa Texas. Ukihamia baada ya kutoka, haikuhusu. Kikao cha kawaida cha Bunge la Texas hufanyika mwaka wa witiri tu, kwa siku 140, na kijacho kinafunguliwa Januari 12, 2027. Anayekuambia "Texas inapitisha mwezi ujao" mwulize kikao gani.

Minnesota haitozi kodi pensheni ya jeshi tangu mwaka wa kodi wa 2016. Kwenye nyumba, mwenye asilimia 100 ya kudumu anapunguziwa thamani ya kukadiriwa kodi kwa dola 300,000, na mwenye 70 au zaidi kwa 150,000.

California ilikuwa inatoza pensheni yote. Kuanzia mwaka wa kodi wa 2025 hadi 2029 inasamehe hadi dola 20,000, ikiwa mapato yako hayazidi dola 125,000 kwa mtu mmoja au 250,000 kwa mke na mume. Ina mwisho, kwa hiyo utasikia miswada ya kuiongezea muda.

Kodi ya nyumba haisamehewi yenyewe. Barua ya VA inakaa mezani kwako hadi uipeleke kwa mkadiriaji wa kaunti. Mzee mmoja wa Kisumu alilipa miaka mitatu akidhani "wao wanaona kwenye kompyuta".

Fidia inapanda kila mwaka. Hiyo nayo inahitaji muswada?

Ndiyo, Bunge hupitisha muswada mdogo wa nyongeza inayofuata ile ya Social Security (mafao ya uzeeni ya taifa), na huanza Desemba 1. Kwa 2025 ilikuwa asilimia 2.5, kwa 2026 ni 2.8. Huo haujawahi kututia presha.

Nikirudi kuishi Tanga au Mombasa, vyote vinakatika?

Fidia ya ulemavu inakufuata popote. Matibabu ya magonjwa ambayo VA imekubali kuwa yametokana na jeshi yanagharamiwa kupitia mpango wake wa nje ya nchi, ila mengine utajitegemea. Vya jimbo vinabaki jimboni: msamaha wa nyumba ya Texas unadai uishi humo. Ukiipangisha ukaenda Tanga, mwambie mkadiriaji.

Mtu mmoja kama mimi anaweza kusukuma muswada?

Piga namba ya Bunge, 202-224-3121, utaje jina la mbunge wako, waunganishe. Atapokea kijana wa ofisini. Usimsimulie maisha yako yote. Sema wewe ni veterani, taja namba ya muswada, sema unataka mbunge aweke jina lake, au kama tayari ameliweka, unataka adai kura ipigwe. Atakuuliza msimbo wa posta ili ajue kama wewe ni wa jimbo lake la uchaguzi. Lafudhi isikutie haya. Mimi mara ya kwanza nilirudia neno "veteran" mara tatu ndipo akanielewa, halafu akaniambia babu yake alikuwa Vietnam, tukaongea dakika kumi.